Alama za utamaduni za Tanzania (70, 25, 40, 50): zinafaa kwa timu ya Dar yenye Watanzania, Wakenya na Wajerumani?

Kaimu_Mafunzo ameuliza:

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wanaolijua hili kiundani.

Yanaandaliwa mafunzo ya siku 2 hapa Dar kwa timu ya watu 34: Watanzania 22, Wajerumani 7, Wakenya 5. Malalamiko yaliyofika mezani ni haya. Wajerumani wanasema wakiuliza "mmeelewa?" wanajibiwa ndiyo, kisha kazi inarudi imefanywa vingine. Watanzania wanasema Wajerumani humkosoa mtu mbele za watu kana kwamba hana hadhi. Wakenya wanaonekana wakali, maana husema "nipe hiyo ripoti" pale ambapo Mtanzania angesema "naomba hiyo ripoti".

Slaidi zilizopo zimejengwa juu ya alama za Hofstede (mtafiti aliyezipa nchi alama za utamaduni, kwa kawaida kati ya 0 na 100) zinazozunguka mtandaoni. Tanzania: umbali wa madaraka (walio chini wanavyokubali tofauti ya madaraka) 70, mtu binafsi dhidi ya kundi (alama ndogo ni kuegemea kundi) 25, ushindani 40, kukwepa mashaka (watu wanavyosumbuliwa na mambo yasiyo na uhakika) 50. Ujerumani: 35, 67, 66, 65. Kenya nayo ina 70 na 25 kwenye zile mbili za mwanzo.

Maswali yangu matatu:

1. Alama za Tanzania zimetoka wapi hasa, na zinafaa kuwekwa mbele ya watu?
2. Je, naweza kuipima timu yenyewe kwa dodoso hilohilo nikapata alama zetu?
3. Watanzania 22 si kitu kimoja. Kuna waliokulia uswahilini, kuna waliotoka mikoani, kuna Wahindi wa Upanga, kuna waliohamia kutoka serikalini. Hizi tamaduni ndogo zinapimwaje bila mazungumzo kuishia kwenye ukabila?

Natanguliza shukrani.

---

Mzee wa Wastani:

Nianze na la kwanza, maana likianguka hilo slaidi nyingi zinaanguka nalo.

Geert Hofstede, Mholanzi, alichambua madodoso zaidi ya 100,000 ya wafanyakazi wa IBM yaliyokusanywa kati ya 1967 na 1973. Nchi ambazo kampuni ilikuwa na watu wachache hazikuweza kupewa alama moja moja, zikaunganishwa. Tanzania ilitiwa kapu moja na Kenya, Ethiopia na Zambia, kapu likaitwa Afrika Mashariki. Kapu hilo lilipata 64 kwa umbali wa madaraka, 27 kwa mtu binafsi dhidi ya kundi, 41 kwa ushindani na 52 kwa kukwepa mashaka.

Sasa zitazame namba zako: 70, 25, 40, 50. Zote zinaishia na sifuri au tano. Hiyo ni dalili ya makadirio, si hesabu iliyotoka kwenye madodoso. Na ukiilinganisha Kenya na Tanzania kwenye umbali wa madaraka (70 na 70) au kwenye kundi (25 na 25), chanzo kinaelekea kuwa kapu lilelile, kwa hiyo unapima kitu kwa kivuli chake. Wakenya wako 5 na Watanzania wako 22 wanatofautiana kwa jambo ambalo namba hizo haziwezi kulionyesha hata ukizikodolea macho usiku kucha.

Kumbuka pia waliojibu. Ni wafanyakazi wa kampuni moja ya kompyuta miaka ya 60 na 70. Hofstede alifanya hivyo makusudi: kwa kuwa mwajiri ni mmoja na kazi zinafanana, tofauti inayobaki alitaka ionekane kuwa ya nchi. Mantiki hiyo ina nguvu yake. Lakini kwa nchi iliyokuwa ndiyo kwanza imetoka kwenye Azimio la Arusha, mtu mwenye kazi ya ofisini kwenye kampuni ya Kimarekani hakuwa Mtanzania wa kawaida hata kidogo.

Jambo la tatu ndilo linalopotosha mafunzo mengi. Alama ya nchi inaeleza nchi ikiwa kati ya nchi nyingine, haimwelezi mtu. Ukichukua majibu ya mtu mmoja mmoja kwenye maswali yale, nchi anayotoka inaeleza chini ya asilimia 5 ya tofauti zote zilizopo. Iliyobaki ni umri, kazi, elimu, tabia ya mtu, na bahati nasibu ya namna alivyolisoma swali. Kwa hiyo sentensi "Hans ni mtu wa 35 ndiyo maana anaongea hivi" ni kosa la kihesabu kabla haijawa kosa la adabu.

Kama lazima uwe na chanzo kinachoigusa Tanzania yenyewe, Afrobarometer, mtandao wa tafiti za maoni barani Afrika, imekuwa ikifanya tafiti hapa tangu 2001, kwa sampuli ya kitaifa. Watu 1,200 wanakupa wigo wa makosa wa takriban asilimia 3 juu na chini, watu 2,400 asilimia 2. Haipimi "umbali wa madaraka" kwa jina hilo, ila ina maswali kuhusu mamlaka, kuaminiana na utambulisho wa taifa. Utafiti wa GLOBE, wa kimataifa kuhusu utamaduni na uongozi, wenye jamii 62 na mameneja wapatao 17,000 hautakusaidia kwa Tanzania, maana haimo. Jirani aliyemo ni Zambia. Una funzo moja la kujibu swali lako la tatu, hata hivyo. Ujerumani waliigawa mbili, mashariki na magharibi. Uswisi wanaosema Kifaransa waliwekwa peke yao. Afrika Kusini iliingia kwa sampuli mbili, ya weusi na ya weupe. Watafiti wenyewe waliona mpaka wa nchi hautoshi.

---

Fundi Dodoso:

La pili niachieni mimi. Kwa watu 34, jibu ni hapana, na sababu ni hesabu tupu.

Toleo la 2013 la dodoso la Hofstede lina maswali 24 ya maudhui na 6 ya taarifa za mhojiwa. Umbali wa madaraka hukokotolewa hivi:

35 × (wastani wa swali la 7 − wastani wa swali la 2) + 25 × (wastani wa swali la 20 − wastani wa swali la 23) + namba ya kudumu

Ile namba ya kudumu unaichagua mwenyewe ili alama zikae kati ya 0 na 100. Maana yake, ukipata 58 huwezi kusema "timu yetu ina 58, nchi ina 70, kwa hiyo sisi ni huru zaidi". Dodoso hupima umbali kati ya makundi yaliyojaza kwa wakati mmoja na kwa masharti mamoja. Halikupi anwani ya kundi moja.

Halafu ukubwa wa kundi. Mwongozo wa dodoso lenyewe unasema kundi lisipungue watu 20, na 50 ndiyo idadi nzuri. Chukua kwamba majibu ya kila swali (kipimo cha 1 hadi 5) yana mkengeuko sanifu (majibu yanavyotawanyika kuzunguka wastani) wa 1 na maswali hayategemeani. Kundi la 50 litakuwa na wigo wa makosa wa takriban alama 17 juu na chini. Kundi la 20, alama 27. Wajerumani 7, alama 45! Ukiwachorea pau kwenye slaidi unachora hewa.

Na hata ukiwapata watu 200, kuna mtego wa tafsiri. Swali la 20 linauliza ni mara ngapi walio chini huogopa kumpinga bosi wao. Andika "huogopa kumpinga bosi", na mhojiwa wa Dar atakutana na maneno mawili mazito: kuogopa ni woga, kupinga ni uasi. Atajibu "mara chache" na atakuwa mkweli, kwa sababu yeye haogopi, anastahi. Andika "husita kumwambia bosi kwamba hawakubaliani naye" na wastani utapanda. Ukipanda kwa 0.4 tu, alama ya mwisho inapanda 10 (25 × 0.4). Hakuna utamaduni uliobadilika hapo, kimebadilika kitenzi.

Maneno mengine yanayoharibu madodoso ya Kiswahili, kwa wale wanaotafsiri:

"Ubinafsi". Kamusi inakuruhusu, watu hawakuruhusu. Kwa msemaji wa kawaida ubinafsi ni uchoyo, ni mtu anayekula peke yake. Hakuna atakayekubali kauli inayousifu, kisha ripoti itaandika kwamba Watanzania ni watu wa kundi kupita kiasi. Eleza tendo badala ya jina: "kijana aliyeanza kazi aamue mwenyewe atumieje mshahara wake".

"Familia". Kwa mmoja ni mume, mke na watoto, kwa mwingine ni ukoo mzima hadi shangazi wa Handeni. Taja watu: "wazazi wako", "ndugu wa baba yako". Neno "ndugu" lenyewe lina kazi nyingi mno, kuanzia tumbo moja hadi "Ndugu Mwenyekiti".

"Kuwa makini". Lile swali maarufu la kuaminiana humtaka mtu achague kati ya "watu wengi wanaaminika" na "inabidi kuwa makini unaposhughulika na watu". Kwa Kiswahili la pili linasikika kama wosia wa mzazi, si kauli ya kutowaamini watu. Mtu anayewaamini majirani zake wote atalichagua bado.

"Bosi", "msimamizi", "mkubwa", "kiongozi". Hawa ni watu wanne tofauti. Chagua mmoja, ulitumie hilohilo kwenye maswali yote.

Wengi watakwambia tafsiri-rejeshi inatosha: mmoja anatafsiri kwenda Kiswahili, mwingine asiyeuona mwanzo anarudisha, mnalinganisha. Ifanyeni, lakini mjue inakamata nini. Inakamata kosa la maana. Uzito wa neno unapita katikati ya vidole: "ubinafsi" utarudishwa sawasawa kabisa na kila mtu atapiga makofi. Kinachokamata uzito ni kukaa na watu 8 hadi 10 wa aina ya wahojiwa wako, mmoja mmoja, kumsomea swali na kumuuliza: "kwa maneno yako, swali hili linataka kujua nini?" Ukiona wawili mfululizo hawaleti jipya, simama.

Usikimbilie kuwapa wote dodoso la Kiingereza eti liwe sawa. Ikishajulikana kwamba mtu mmoja akijibu kwa Kiingereza majibu yake husogea kuelekea kwa wenzake wa nchi nyingine, usawa huo ndio unaokuficha tofauti unayoitafuta.

Mwisho, adabu ya "nakubali". Kipimo cha "nakubali sana" hadi "sikubali kabisa" hapa kinakusanya heshima kwa muulizaji. Kugeuza kauli kwa ukanushi maradufu ("si kweli kwamba watu hawapaswi...") kunawavuruga wasomaji tu. Weka kauli mbili kamili zinazopingana, ya A na ya B, zote ziwe zinamwezekana mtu mwenye akili timamu, mtu achague moja kisha aseme kwa nguvu kiasi gani. Afrobarometer hutumia mtindo huo na unafanya kazi vizuri kwa Kiswahili.

---

Kalamu ya Ilala:

Nawaunga mkono wawili hapo juu, ila naona mazungumzo yanaelekea kwenye "taifa si kitu", na hapo ndipo tutakapokosea kwa upande wa pili.

Chukueni Wachewa na Watumbuka. Wako pande zote mbili za mpaka wa Malawi na Zambia, lugha zao zilezile, mila zilezile. Daniel Posner, mwanasayansi wa siasa, kwenye utafiti uliochapishwa 2004, alikwenda vijiji vya pande zote mbili za mpaka. Upande wa Malawi makundi hayo yanatazamana kama wapinzani, upande wa Zambia kama washirika. Utamaduni wao haukutofautiana. Kilichotofautiana ni ukubwa wa kila kundi ndani ya nchi: Malawi kila moja ni kubwa kiasi cha kuwa ngazi ya kisiasa, Zambia yote mawili ni madogo na yanatiwa kapu moja la watu wa mashariki.

Mfano wa nyumbani uko pia. Mwanauchumi Edward Miguel, 2004 hiyohiyo, alilinganisha wilaya za Busia ya Kenya na Meatu ya Tanzania. Busia, mahali penye mchanganyiko mkubwa wa makabila shule zilichangiwa kidogo. Meatu mchanganyiko haukuwa na athari hiyo. Maelezo yake yalikuwa sera: Kiswahili mashuleni, mtaala wa taifa moja, utawala wa kichifu uliofutwa miaka ya mwanzo ya uhuru, serikali za vijiji. Hayo ni mambo ya taifa na yanaingia kwenye mwenendo wa watu.

Kwa hiyo Wakenya 5 wa mleta mada wasichukuliwe kama "Watanzania wenye sauti ya juu". Lile la "nipe" na "naomba" lina maelezo ya karibu zaidi kuliko ukali. Dar es Salaam, Kiswahili ndicho lugha ya nyumbani, ya sokoni na ya ofisini, kwa hiyo kimebeba ngazi zote za adabu: naomba, tafadhali, samahani nikusumbue, shikamoo. Nairobi, adabu ya ofisini hubebwa zaidi na Kiingereza, Kiswahili kinabaki na kazi ya kufikisha ujumbe haraka. Mkenya anapovuka kwenda Kiswahili cha kazi anakuja na kile alichonacho, na "nipe" kwake haina kosa lolote. Mtanzania anasikia amri. Hiyo ni tofauti ya matumizi ya lugha. Inafundishika kwa dakika 20 na haihitaji nadharia ya taifa.

Kuhusu alama za Hofstede, mimi nisingezichoma moto. Pengo la Japani 92 na Sweden 29 kwenye kukwepa mashaka ni kubwa mno kuwa ajali. Ujerumani 65 na Uingereza 35 nalo lina maana kwa anayeandaa mkataba: mmoja atataka kila hatua iandikwe mapema, mwingine atasema tutaona mbele ya safari. Zitumie zikiwa mbali sana na zikiwa zimepimwa. Ya Tanzania haikupimwa peke yake, hapo nakubali.

---

Mtaa kwa Mtaa:

Swali la tatu.

Kwanza, kabila liache, na si kwa kuogopa siasa tu. Sensa ya Tanzania haijauliza kabila tangu ile ya 1967, kwa hiyo hakuna orodha ya kukuambia sampuli yako inafanana na mji au haifanani. Na kwa Dar yenye watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022, kabila linatabiri kidogo sana. Mtoto wa baba Mnyakyusa na mama Mzigua aliyezaliwa Temeke na kuongea Kiswahili peke yake, utamweka wapi?

Vitu vinne vinaeleza zaidi, na vyote vinaulizika bila mtu kukunja uso: alilelewa wapi hadi miaka 15 (kijijini, mji wa mkoani, Dar uswahilini, Dar ushuani), lugha ya nyumbani wakati huo, mwajiri wake wa kwanza, na mwaka wa kuzaliwa.

Hilo la malezi ndani ya Dar lina historia ya kwenye ramani. Wajerumani kisha Waingereza waliugawa mji kwa kanda: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Majina yamebaki yakageuka kuwa tabia. Aliyekulia nyumba ya kupanga ya Manzese, vyumba sita na ua mmoja, amezoea ugomvi kusuluhishwa hadharani na mashahidi wakiwa mlangoni. Aliyekulia nyuma ya ukuta Oysterbay amezoea ugomvi kwisha chumbani. Wote ni Watanzania, na mbele ya Mjerumani anayekosoa kikaoni watajibu tofauti kabisa.

Mwajiri wa kwanza nadhani ndiye mzito kuliko wote kwa suala lako. Aliyeanzia serikalini alijifunza kwamba jambo haliendi juu isipokuwa kupitia kwa mkuu wake wa idara, na kwamba kilichoandikwa kwenye dokezo ndicho kilichosemwa. Aliyeanzia duka la Kariakoo alijifunza mali kauli: mzigo wa mamilioni unatoka kwa neno la mdomo, kwa mtu anayejulikana. Mweke huyo mbele ya swali la "watu wengi wanaaminika?" atasema hapana, huku ametoa mzigo asubuhi bila karatasi. Kwake uaminifu ni wa mtandao wa watu, hauna kiwango cha jumla.

Sasa jambo ambalo vipimo vya nje havilioni kabisa: umri na cheo hapa ni ngazi mbili. Meneja wa miaka 31 humwamkia dereva wa miaka 58 "shikamoo", kisha anampangia safari. Asipomwamkia, amri yake itatekelezwa shingo upande. "Umbali wa madaraka" unazichanganya ngazi hizo kuwa moja. Ukitengeneza maswali yako, tenganisha: bosi mdogo kwa umri, bosi mkubwa kwa umri, mwenzako wa cheo kimoja aliyekuzidi miaka 20.

Kuna na utani. Mchaga na Mpare, Mnyamwezi na Mzaramo, na jozi nyingine zilizozaliwa kwenye vita na misafara ya biashara, wanaruhusiwa kusemana maneno ambayo mwingine angeshtakiwa. Hata msibani mtani ana ruhusa zake. Ofisini huwa ni mlango wa nyuma wa ukosoaji: mtani anaweza kumwambia mkubwa "wewe hesabu zako za kwenu huko" na ujumbe ukafika bila mtu kuumia. Mgeni anayesikia kicheko anadhani ni dharau au mzaha mtupu, kumbe kikao kimeshafanyika. Mkiandika kwamba "Watanzania hawakosoi wakubwa" mtakuwa mmeruka mfumo mzima uliowekwa kwa kazi hiyo.

Wahindi wa Upanga nao usiwatie kikapu kimoja. Ismailia, Ithnaasheri, Bohora, Wahindu wa jumuiya mbalimbali, Wagoa Wakatoliki, Masingasinga: kila jumuiya ina uongozi wake, ratiba yake ya ibada na utaratibu wake wa kusaidiana. Kinachowaunganisha machoni pa jirani ni ngozi na ramani ya mji.

Tahadhari ya mwisho. Kwa watu 22, usitoe matokeo ya kikundi chenye watu chini ya 5. "Mwanamke, Bohora, zaidi ya miaka 50" kwenye timu yako ni mtu mmoja, na kila mtu anamjua.

Na kama siku moja mtatoka ofisini kwenda mitaani, mwenyekiti wa serikali ya mtaa lazima ajue na mjumbe ndiye atakayewapeleka nyumba kwa nyumba. Mshukuruni, kisha muombeni asubiri mbali. Mjumbe akisimama mlangoni, majibu yote kuhusu mamlaka yanakuwa ya mjumbe. Mkimleta mtafiti wa kigeni, kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) kitangulie.

---

Kaimu_Mafunzo:

Nimeelewa, na hapa nasema nimeelewa kwa dhati, hahaha. Slaidi za pau zinaondoka. Lakini siku 2 zinajazwa na nini? Na lile la "mmeelewa?" linatibiwaje?

---

Fundi Dodoso:

Jaza kwa visa. Andika 8, kila kimoja kiwe hali inayoweza kutokea Jumatatu kwenye ofisi hiyohiyo, na majibu 5 yanayowezekana kweli. Mfano:

"Kikaoni, mbele ya mteja, msimamizi anasoma jumla yenye kosa la shilingi 200,000. Umeliona. Utafanya nini? (a) Nasema palepale. (b) Namwandikia ujumbe wa simu kikao kikiendelea. (c) Namfuata baada ya kikao. (d) Namwomba mtu wa rika lake amfikishie. (e) Nanyamaza."

Kila mtu anajibu mara mbili kwenye karatasi isiyo na jina: yeye angefanya nini, na anadhani wengi wa kundi la pili wangechagua nini. Weka alama ya kundi tu juu ya karatasi. Dakika 4 za kimya, kisha kusanya, hesabu, andika ubaoni. Dakika 12 za mazungumzo. Kinachofundisha ni pengo kati ya kubahatisha na majibu halisi: Wajerumani wakibashiri kwamba Watanzania wangenyamaza (e), halafu wengi wawe wamechagua (b) na (c), hoja ya "hawasemi" inabadilika kuwa "wanasema kwa njia gani na saa ngapi". Visa viwili kati ya 8 virudieni mkibadilisha umri wa msimamizi tu, kutoka 30 hadi 58. Hapo ile ngazi ya pili iliyotajwa na Mtaa kwa Mtaa itajitokeza yenyewe.

Kosa la kawaida ni kuuliza kwa kunyoosha mikono. Mkubwa akinyoosha kwa (a), chumba kizima kinahamia (a).

Kuhusu "mmeelewa?", tatizo liko kwenye swali. Kila aliyesoma hapa amelijibu maelfu ya mara darasani, kwa pamoja, "ndiyooo", na maana yake ni "mwalimu, endelea". Halikuwahi kuwa swali la kupima. Liache, uliza "kesho asubuhi utaanza na kipi?" au "sehemu ipi itachukua muda mrefu?" Anayejibu kwa kitendo ameelewa. Anayejibu kwa "hamna shida" bado.

Kisha fanyeni ngazi ya ndiyo. Andika maneno haya ubaoni: ndiyo, sawa, haya, hamna shida, nitajitahidi, tutaangalia, inshallah, tupo pamoja. Swali: umemwomba mwenzako kazi iwe tayari Ijumaa, akajibu hivi, nafasi ya kuipata ni ngapi kati ya 10? Kila mtu aandike namba kwa kila neno, kimya. Toa wastani wa kila kundi na pia ya chini na ya juu kabisa. Angalia sana "inshallah" na "nitajitahidi" ndani ya Watanzania wenyewe. Mmoja ataandika 9, mwingine 2, na wote wamekaa meza moja miaka mitatu. Wakenya nao waandike peke yao, 5 wanatosha kwa zoezi hili kwa sababu hamkadirii nchi, mnawauliza watu waliomo chumbani.

Dogo la ratiba: andikeni muda kwa saa 24 kwenye kila karatasi. "Saa mbili" ya mwaliko ni 08:00 kwa wenyeji, na Mjerumani aliyejifunza Kiswahili kwa programu ya simu anaweza kuisoma 02:00 au 14:00. Mkirekodi nani amechelewa kabla ya kukubaliana saa ipi, takwimu za uchelewaji ni za kutupa.

Mkuu wa timu ajaze karatasi kama wengine. Kwenye mazungumzo aseme wa mwisho, na hilo mkubaliane naye faraghani siku moja kabla, si pale mbele za watu.